Ushuru na Hongo: Historia ya Maneno Mawili Katika Njia ya Bidhaa za Ng'ambo

Utangulizi

Kuna swali ambalo kila mwalimu wa Kiswahili katika nchi zetu zisizo na bahari atalipata siku moja darasani. Ikiwa ushuru ni malipo anayotoa mwenye mzigo ili mzigo wake upite, na hongo nayo ni malipo anayotoa mtu ili jambo lake lipite, maneno haya mawili yametofautianaje? Jibu la kamusi ni fupi: la kwanza ni halali, la pili ni haramu. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimtoshi mwanafunzi ambaye wazazi wake wanauza nguo kuukuu au vipuri vya magari vilivyotoka ng'ambo, na ambaye amewasikia wakilalamika kuwa mpakani hawajui walicholipa ni kipi kati ya hivyo viwili.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mpaka kati ya maneno haya haukuwa hapo tangu zamani. Kulikuwa na wakati ambapo ushuru na hongo yote yalikuwa malipo halali ya kupitisha bidhaa, moja pwani na jingine bara. Historia ndiyo iliyolipandisha neno moja na kulishusha jingine. Tutaanza pwani, tutaingia bara pamoja na misafara, kisha tutaona mamlaka ya kutoza yalivyohama na hali ilivyo leo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Pwani: forodha na moja ya kumi

Maneno yetu mengi ya biashara ya ng'ambo yaliingia kupitia bandarini. Forodha ni neno la asili ya Kiarabu, furda, lenye maana ya mahali vyombo vinapotia nanga na kushusha mizigo. Ushuru linatokana na ushr, yaani moja ya kumi. Bima lilitufikia kutoka Bara Hindi. Stakabadhi lina shina moja na kabidhi. Kwa hiyo mtu akiyapanga maneno haya kwa utaratibu, atakuwa amepata picha nzima ya shughuli: chombo kinatia nanga, mzigo unathaminiwa, sehemu yake inatolewa, na aliyelipa anakabidhiwa uthibitisho.

Unguja, mahali panapoitwa Forodhani hadi leo palipata jina hilo kwa sababu nyumba ya forodha ilikuwa hapo. Katika karne ya 19 mapato ya nyumba hiyo yalikuwa nguzo ya dola ya Sultani. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani uliokubali ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa za Wamarekani zilizoshushwa katika bandari zake. Uingereza ilipata mkataba wake mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Tazama jinsi lugha na sheria zilivyoachana mapema: neno lilisema moja ya kumi, mkataba ukasema nusu yake. Tangu hapo ushuru halikuwa tena jina la kiwango, bali jina la tendo lenyewe.

Bidhaa kubwa ya Wamarekani ilikuwa kitambaa cha pamba, nacho kikapewa jina la merikani. Merikani, pamoja na kaniki ya India, shanga na nyaya za shaba, ndivyo vilivyokuwa fedha ya bara. Mshona nguo anayeomba dukani leo yadi mbili za merikani anataja, bila kufikiri, nchi iliyokileta kitambaa hicho takriban miaka 200 iliyopita.

Jambo linalowashangaza wanafunzi ni kwamba Sultani hakuwa na idara ya forodha kama tunavyoijua. Aliikodisha kazi hiyo kwa mfanyabiashara, ambaye alimlipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka na kujikusanyia ushuru mwenyewe. Kwa miaka mingi mkodishwaji alikuwa Jairam Shivji na jamaa ya biashara yake, Wabhatia wenye asili ya Kutch. Baadaye Taria Topan naye aliishika kazi hiyo. Kilichozidi juu ya kodi ya Sultani kilikuwa faida ya mkodishwaji. Kwa macho ya leo tungeuliza: je, huo ulikuwa ushuru wa dola au biashara ya mtu? Ulikuwa yote mawili kwa pamoja, na hakuna aliyeuita hongo.

Wala tusiupake ushuru wa pwani rangi ya usafi usiokuwa nao. Hadi soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, binadamu walioletwa kutoka bara walitozwa ushuru kwa kichwa, kama pembe za ndovu zilivyotozwa kwa frasila. Yote hayo yalikuwa halali kwa sheria ya mahali na wakati ule. Mwalimu anayefundisha kwamba ushuru maana yake ni malipo halali hana budi kuongeza kwamba uhalali huwekwa na mwenye mamlaka, na mwenye mamlaka anaweza kuhalalisha dhuluma.

Bara: hongo ya msafara

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulikuwa umekwisha kulipiwa pwani, lakini safari ya malipo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Bara lilikuwa na wenyewe. Kila mtawala ambaye msafara ulikanyaga nchi yake alitaka hongo: doti kadhaa za nguo, shanga, nyaya, wakati mwingine bunduki au baruti. Hongo halikuwa neno la aibu. Lilikuwa jina la malipo ya njia.

Mahali palipojulikana zaidi kwa hongo ni Ugogo. Nchi ile ni kavu, na msafara wa watu mamia usingeweza kuivuka bila maji ya visima na chakula cha wenyeji. Watemi wa Kigogo walitoza, na baada ya hongo kupokelewa msafara uliruhusiwa kuteka maji, kununua nafaka na kupita kwa amani. Ukiyatazama hayo kwa utulivu, utaona kwamba mlipaji alipata kitu: maji, soko na usalama.

Wasafiri wa Ulaya hawakuyaona hivyo. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857 pamoja na John Speke, na Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871, wote waliandika kwa uchungu juu ya malipo hayo, na mara nyingi waliyaeleza kama unyang'anyi. Stanley alipofika Uha mwaka huo alitozwa na mtawala mmoja baada ya mwingine, nguo zikaanza kumwishia, mwishowe akaiacha njia kuu na kupita kwa siri usiku ili asitozwe tena kabla ya kufika Ujiji. Kwa lugha ya leo ya forodha, tendo hilo lina jina moja tu: magendo. Katika kitabu chake halikupewa jina hilo.

Hata hivyo, malalamiko hayakuwa ya bure. Hongo haikuwa na kiwango kilichoandikwa. Kiasi kilitegemea ukubwa wa msafara, uhodari wa mjumbe, njaa ya mwaka ule, na habari zilizomtangulia mgeni. Nchi moja iligawanyika kwa watawala wengi, na kila mmoja alitaka chake. Majadiliano yaliweza kuchukua siku nzima huku wapagazi wakila akiba. Wahenga wamesema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni asiyejua atatozwa mara ngapi na kiasi gani huwa hana namna ya kupiga hesabu ya safari yake.

Hongo iliweza pia kuleta vita. Mirambo, mtawala wa Urambo katika Unyamwezi, alidai haki yake ya kutoza misafara iliyopita nchini mwake kuelekea Ujiji. Wafanyabiashara wa Tabora walipokataa mamlaka yake, mwaka 1871 aliifunga njia. Vita vilivyofuata vilidumu kwa miaka kadhaa na kuitikisa biashara ya pembe hadi Unguja. Kiini cha ugomvi kilikuwa swali lile lile la forodha zote duniani: nani ana haki ya kusimama mlangoni na kusema lipa?

Mlango unabadilisha mwenyewe

Katika miaka 15 tu, swali hilo lilijibiwa na watu wa mbali. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulitangaza eneo kubwa, kutoka bonde la Kongo hadi upande wa Bahari ya Hindi, kuwa la biashara huria, ambamo bidhaa zinazoingia zisingetozwa ushuru wa kuingizia. Katika nchi zilizokuwa chini ya Sultani sharti hilo lilihitaji ridhaa yake. Haikuchukua muda wenye makoloni wakagundua kwamba hawawezi kuendesha utawala bila ushuru. Mwaka 1890, huko Brussels, waliruhusiana kutoza hadi asilimia 10 ya thamani. Kwa bahati tu, neno na kiwango vilikutana tena: moja ya kumi.

Pwani nako mlango ulichukuliwa. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliipa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kuendesha forodha na utawala wa pwani ya kusini kwa miaka 50. Mwezi Agosti maofisa wa kampuni walipofika Pangani, Bagamoyo na bandari nyingine kushika kazi, watu waliinuka. Madiwani wa Mrima, ambao kwa muda mrefu walikuwa wakipata sehemu yao katika malipo ya misafara, waliona riziki na heshima yao ikiondoka. Abushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri waliongoza mapambano, na serikali ya Ujerumani ikalazimika kuingilia kwa majeshi. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 Ujerumani ililipa mark milioni 4 ili pwani hiyo iwe yake moja kwa moja. Vitabu vya shule huvieleza vita hivi kama upinzani dhidi ya ukoloni, na ndivyo vilivyokuwa. Lakini ni vema wanafunzi wajue pia kwamba vilianzia kwenye mlango wa forodha.

Baada ya hapo hongo ya bara ilikuwa na siku chache. Dola za kikoloni hazikukubali mtemi atoze ushuru katikati ya nchi zilizodai kuwa zao. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 iliipitisha shehena bila kusimama kwa mtawala yeyote. Malipo yote ya bidhaa za ng'ambo yalirudi mahali pamoja, bandarini, na mpokeaji akawa mmoja, serikali.

Neno linashuka cheo

Nini hupata neno ambalo kazi yake imefutwa? Maneno mengine hufa, kama yalivyosahaulika majina mengi ya shanga za misafara. Hongo halikufa. Kwa maoni yetu, lilibaki likitembea bila cheo: jina la malipo anayodai mtu aliyesimama njiani, huku mamlaka ya kudai yakiwa yamechukuliwa na mwingine. Zamani mtemi alipopokea hongo alikuwa serikali. Mtu yeyote aliyepokea baada yake alikuwa mtu binafsi anayejipatia. Maana ya rushwa haikuhitaji kubuniwa; ilikuwa ndiyo iliyosalia baada ya mamlaka kuondolewa.

Ushahidi mwingine wa kipindi hicho umo katika methali inayosema penye udhia penyeza rupia. Rupia ilikuwa fedha ya nchi zetu hadi ilipoondolewa katika mzunguko mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo methali inatuonyesha malipo ya chini kwa chini yakiwa yameacha nguo na shanga na kuingia katika sarafu. Kumbuka pia kitenzi chake. Hongo ya mtemi haikupenyezwa. Ilihesabiwa mbele za watu. Rupia hupenyezwa.

Umoja wa forodha na mikwaruzo yake

Sisi wa Uganda tulijikuta tukilipia bandari isiyo yetu. Utangulizi wa Mkataba wa Jumuiya wa 1999 unataja kituo cha kukusanyia ushuru cha mwaka 1900 kuwa miongoni mwa hatua za kwanza za ushirikiano wa eneo hili. Mwaka 1917 forodha za Uganda na nchi inayoitwa leo Kenya ziliunganishwa, na Tanganyika ikaingia katika mpango huo miaka ya 1920. Bidhaa ya ng'ambo ikilipiwa Mombasa, iliweza kuendelea hadi Kampala bila kutozwa tena. Lakini ugomvi wa mgawo haukukoma. Uganda na Tanganyika zililalamika kwamba ushuru wa pamoja uliwalinda wenye viwanda, na viwanda vingi vilikuwa Kenya, huku wao wakinunua bidhaa za Kenya kwa bei ya juu na kukosa mapato ambayo wangeyapata kwa kuagiza nje.

Jumuiya ya kwanza iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977. Miaka hiyo ndiyo iliyolikuza neno jingine, magendo. Uganda ya Idi Amin ilikosa sukari, sabuni na chumvi, na kahawa ikavushwa kwa siri kwenda Kenya, ambako Chepkube, karibu na Mlima Elgon, palipata sifa kwa biashara hiyo. Neno magendo lilienea kwetu hata kwa watu wasiosema Kiswahili. Lugha husafiri na mzigo, uwe umelipiwa au la.

Umoja wa Forodha wa sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 2 Machi 2004 na kuanza kazi Januari 2005. Rwanda na Burundi, zilizojiunga na Jumuiya mwaka 2007, ziliingia katika Umoja huo mwaka 2009. Bidhaa za kutoka nje ya Jumuiya zilipangwa katika makundi matatu: malighafi na mitambo asilimia 0, bidhaa za kati asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Mwaka 2022 liliongezwa kundi la nne, asilimia 35, kwa bidhaa ambazo eneo linaweza kujitengenezea. Tangu mwaka 2014, chini ya utaratibu wa himaya moja ya forodha, ushuru wa mzigo unaokwenda Uganda au Rwanda hulipwa kwa nchi unakokwenda kabla mzigo haujaondoka bandarini.

Mfano mmoja wa hesabu utasaidia darasani. Mtu wa Kampala ameagiza bidhaa iliyo katika kundi la asilimia 25, ikasafirishwa kwa meli. Bei yake ni dola 80, usafirishaji dola 18, bima dola 2. Thamani ya kutozwa si 80 bali 100. Ushuru ni dola 25. Kodi ya ongezeko la thamani ya Uganda, asilimia 18, haipigwi juu ya 100 bali juu ya 125, nayo ni dola 22.50. Kabla ya tozo nyingine na ada ya wakala, mzigo wa dola 80 umekwisha gharimu dola 147.50. Mtu asiyeijua hesabu hii ataona ameibiwa hata pale ambapo hakuibiwa, na hatagundua ameibiwa pale ambapo ameibiwa kweli.

Kazi ya mwalimu wa lugha

Hapo ndipo historia hii inapotuhusu sisi tusiokuwa wachumi. Ibara ya 137 ya Mkataba wa 1999 inataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda likapitisha uamuzi kama huo mwaka 2022. Lakini msamiati wa mpakani haujakaa sawa. Mnyarwanda atasema gasutamo, Mkongomani atasema duane, na Mganda ataita malipo yoyote ya serikali omusolo. Neno forodha, ambalo ndilo la vitabuni, huenda mwenye mzigo hajawahi kulisikia mpaka amefika dirishani.

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, maneno ya malipo yafundishwe kwa kutofautishwa: ushuru wa forodha hulipwa kwa bidhaa inayovuka mpaka, kodi ni jina pana zaidi, ada hulipwa kwa huduma, faini hulipwa kwa kosa. Mwanafunzi anayeyachanganya manne haya hawezi kuuliza swali sahihi. Pili, neno stakabadhi lipewe nafasi yake, pamoja na risiti ambalo watu wamelizoea. Tatu, somo la mazungumzo litumie hali halisi: mfanyabiashara mdogo wa Gatuna au Mutukula mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000, ambaye utaratibu uliorahisishwa wa cheti cha asili unamruhusu kuvusha bila ushuru wa forodha. Haki hiyo ipo. Asiyejua kuitaja kwa maneno huipoteza.

Hitimisho

Tumeona kwamba hongo lilikuwa ushuru wa bara na ushuru ulikuwa biashara ya kukodishwa pwani, na kwamba wote walioshika mlango, kuanzia mtemi wa Ugogo hadi kampuni ya Kijerumani, walidai kuwa na haki. Kilichotenganisha maneno haya si wema wa mtozaji. Ni mambo ambayo Stanley aliyakosa Ugogo na ambayo mfanyabiashara wetu angali anayatafuta mpakani: kiwango kinachojulikana kabla ya kufika, malipo ya mara moja, na karatasi mkononi baada ya kulipa. Yakikosekana hayo, ofisi iwe na bendera, afisa awe na sare, malipo yatakuwa yamerudi katika jina lake la zamani kwa maana yake mpya. Kwa hiyo mwanafunzi akituuliza tena tofauti ya ushuru na hongo, tumfundishe kwanza kuuliza kwa Kiswahili fasaha, bila woga: kiwango ni kipi, kwa sheria gani, na stakabadhi yangu iko wapi?